Barua pepe kwa wanachama wote: maswali ambayo makatibu wa jumuiya za kitaaluma Zanzibar huuliza kila mara

Maswali haya yanatoka kwa makatibu, washika fedha na waratibu wa matawi wa jumuiya za kitaaluma Unguja na Pemba: za walimu, wahasibu, wauguzi, wahandisi, wanasheria, waongoza watalii. Jumuiya iwe na wanachama 40 au 2,000, maswali ni yale yale. Kila jibu linasomeka peke yake; jambo lililokwisha kuelezwa kwingine halirudiwi, utaelekezwa tu namba ya swali.

## Mwanzo kabisa

1. Sote tumo kwenye WhatsApp. Barua pepe ya nini tena?

Ya kumbukumbu. Tangazo la mkutano mkuu linawekwa kwenye kundi saa 2 asubuhi. Ikifika adhuhuri limeshafunikwa na salamu za Ijumaa, rambirambi na mtu anayeuza kiwanja Fumba. Miezi 6 baadaye mwanachama akidai hakualikwa, hakuna mwenye subira ya kurudi nyuma kulitafuta. Barua pepe ina tarehe, ina saa, ina jina la aliyepelekewa, na nakala yake inabaki kwenye sanduku la jumuiya hata kama katibu amepoteza simu.

Kuna na jengine. Ndani ya kundi la WhatsApp namba ya kila mtu inaonekana na wote, na wapo wasiolipenda hilo, khasa wanawake. Kundi pia lina kikomo cha watu 1,024, na jumuiya kubwa inalazimika kugawa makundi. Hapo ndipo habari zinapoanza kutofautiana.

Ushauri ni kutumia vyote viwili. Waraka uende kwa barua pepe, na WhatsApp pamoja na meseji za kawaida zibebe mstari mmoja: "Waraka wa mkutano mkuu umetumwa leo kwenye barua pepe zenu. Ambaye hajauona amwarifu katibu." Mstari huo hufichua anwani mbovu kuliko programu yoyote ya kulipia.

2. Nani anastahili kuwemo kwenye orodha?

Aliyemo kwenye daftari la wanachama, basi. Usimwingize mtu kwa sababu mlikutana kwenye semina akakupa kadi yake, wala kwa sababu ni mkubwa wa taasisi fulani na "itapendeza akiziona habari zetu". Wageni, wafadhili na waandishi wa habari wawekewe orodha yao mbali.

Asiyelipa ada ni mjadala wa kila mwaka. Someni katiba yenu. Ikiwa inamnyima kura mwenye malimbikizo lakini haimfuti uanachama, basi barua ni haki yake, na ya kumkumbusha ada ndiyo anayoihitaji kuliko wengine.

Ndani ya orodha yenyewe weka mafungu: tawi, daraja la uanachama, hali ya ada. Mwanachama wa Wete hana haja ya kualikwa mara tatu kwenye mafunzo ya jioni Mji Mkongwe ambayo hawezi kuyafikia bila ya kupanda boti na kulala.

3. Naweza kutuma kwa Gmail yangu, wote nikawaweka kwenye Bcc?

Kwa jumuiya changa yenye wanachama 50 au 60, ndiyo, kwa muda. Gmail ya bure inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku, na ile ya kulipia ya Google Workspace 2,000. Ukivuka unafungiwa kutuma hadi saa 24, na aghlabu hutokea siku ile ile uliyokuwa na haraka.

Lakini hata kabla ya kufika 500 njia hii inachosha. Bcc, yaani nakala ya siri, haikuonyeshi nani barua yake ilirudi isipokuwa uchambue taarifa za kurudi moja moja. Huwezi kumwita mtu kwa jina lake. Na siku moja mkono utateleza, majina yote yaingie kwenye Cc, yaani nakala ya wazi, kila mwanachama apate anwani za wenzake wote. Hilo likitokea huwezi kulirudisha (tazama swali la 20 kwa nini ni jambo zito).

Kubwa zaidi ni kwamba mawasiliano yote ya jumuiya yanabaki ndani ya akaunti ya mtu binafsi. Akimaliza muda wake anaondoka nayo.

4. Anwani ya jumuiya iwe ipi?

Iwe chini ya jina lenu wenyewe la mtandao. Kwa jumuiya, mwisho unaofaa ni .or.tz. Jina lisajiliwe kwa jumuiya na si kwa kijana aliyewatengenezea tovuti, na ada yake ya mwaka iingizwe kwenye bajeti ya mshika fedha kama inavyoingia kodi ya ofisi. Jina likiachwa likaisha muda, barua pepe zote zinasimama pamoja nalo.

Anwani zitaje cheo: katibu, mshikafedha, uanachama, tawi la Pemba. Asiwepo mtu ndani ya anwani. Katibu mpya anapoingia, anabadilisha paswedi tu na kazi inaendelea.

## Daftari la anwani

5. Tukusanye vipi anwani bila makosa?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na orodha ya anwani ndiyo mali kubwa ya katibu. Tatizo ni kwamba aghlabu inazaliwa kwenye karatasi ya mahudhurio ya mkutano mkuu, imeandikwa juu ya paja, kalamu inakaribia kwisha wino. Mchapaji anakuja kuikisia siku ya pili. Hapo hupatikana "gmail.con", "yaho.com", sifuri iliyogeuka herufi o, na alama ya chini iliyopotea kwa sababu mstari wa karatasi umeifunika.

Njia iliyo bora ni kumfanya mwanachama aandike mwenyewe, kwenye simu yake. Weka fomu fupi ya Google Forms, bandika msimbo wake wa QR mlangoni, na mtu wa kuwasaidia wanaohitaji. Kisha anwani mpya itumiwe barua ya kuthibitisha. Asiyeijibu anatafutwa kwa simu. Karatasi ikilazimika, mwambie kila mtu aandike kwa herufi zilizoachana, na yule anayepokea karatasi aisome kwa sauti mbele yake.

Wakati mzuri kuliko wote ni wa kulipa ada. Mtu anayesubiri risiti yake ana sababu ya kukupa anwani sahihi, kwani risiti inatumwa huko huko.

6. Tuna Mohammed Ali Juma watatu. Tunawatenganisha vipi?

Kwa namba ya uanachama, si kwa jina. Majina matatu ya Kizanzibari, la mtu, la baba na la babu, yanagongana sana, na mtu mmoja huyo huyo ni Mohammed kwenye cheti, Mohamed kwenye kitambulisho na Muhammad kwenye barua pepe. Ukipanga daftari kwa jina utamtumia mmoja barua mbili na mwenziwe hapati hata moja.

Kila mwanachama apewe namba asiyoibadilisha maisha yake yote, na isirithiwe na mwengine akiondoka. Namba ya simu ni msaada wa pili, ingawa hubadilika.

7. Barua zinarudi. Nimfute mtu mara moja?

Inategemea zimerudi kwa sababu gani, na sababu imeandikwa kwenye taarifa yenyewe ingawa kwa lugha isiyopendeza. Namba inayoanzia na 5 maana yake tatizo ni la kudumu, na ukiona 550 pamoja na 5.1.1, anwani haipo. Isimamishe siku hiyo hiyo, kwa sababu ukizidi kupeleka barua kwenye anwani zisizokuwepo, seva za wapokeaji zinakuhesabu kuwa ni mtu aliyenunua orodha kichochoroni. Ukiona namba inayoanzia na 4, tatizo ni la muda: sanduku limejaa au seva ina shughuli nyingi. Mfumo wenu utajaribu tena wenyewe, kwa kawaida kwa siku 4 au 5.

Sanduku lililojaa limekuwa jambo la kawaida. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na ndani yake mmejazana barua, picha na mafaili yote ya Drive. Picha za harusi zikijaza simu, waraka wa jumuiya hauna pa kuingia. Na tangu Disemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti binafsi ambazo hazikutumika kwa miaka 2. Wale waliofungua akaunti kwa ajili ya kuombea kazi mara moja, kisha wakazisahau, ndio hao.

Kusimamisha anwani hakumfuti mwanachama. Jina linabaki daftarini na alama "anwani mbovu", na mratibu wa tawi anapewa orodha ya kuwapigia simu.

8. Wanachama wengi wametupa anwani za kazini. Kuna ubaya?

Upo. Mtu akihamishwa, akistaafu au mradi ukiisha, anwani inakufa. Pia barua inayohusu maslahi ya wafanyakazi haipendezi kupita kwenye seva ya mwajiri. Omba anwani binafsi, ya kazini iwe ya akiba.

9. Na wasiokuwa na barua pepe kabisa?

Wapo, na wengine ni waasisi wa jumuiya. Msiwafungulie akaunti ambazo hawatazifungua tena. Mtu wa aina hii atumiwe meseji ya simu, na nakala ya karatasi ipelekwe tawini. Kwa Pemba, nakala tatu zinazobandikwa Chake Chake, Wete na Mkoani hufika mbali kuliko mtu wa Unguja anavyodhani, maana wanaoziona huwaambia wenzao. Kwenye daftari andikeni wazi: "hupokea kwa karatasi". Siku ya kuhesabu waliopewa taarifa, nao wanahesabiwa.

## Kuandika na kutuma

10. Kwa nini barua zetu zinaishia kwenye barua taka?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake mara nyingi halihusiani na maneno mliyoandika. Seva ya mpokeaji haikujueni. Inachotaka ni ushahidi kwamba aliyetuma ana ruhusa ya kutumia jina lenu, na ushahidi huo uko wa aina tatu: SPF, DKIM na DMARC.

SPF ni orodha ya matarishi mnaowatambua: inasema seva zipi zinaruhusiwa kubeba barua za jumuiya. DKIM ni muhuri unaogongwa juu ya kila barua, ili ijulikane haikubadilishwa njiani. DMARC ni maagizo anayoachiwa mlinzi wa mlangoni: akija tarishi asiyejulikana, au barua isiyo na muhuri, afanye nini. Zote tatu zinawekwa mara moja kwenye mipangilio ya jina lenu la mtandao, ile sehemu iitwayo DNS. Fundi anayeijua kazi anamaliza ndani ya saa moja. Mwambie aanze DMARC kwa kiwango cha kutazama tu, p=none, muone ripoti za wiki chache, kisha apandishe hadi quarantine (itiwe kwenye taka) na mwisho reject (ikataliwe kabisa). Na mwambie rekodi ya SPF iwe moja. Zikiwekwa mbili hazifanyi kazi hata moja, na kosa hili hutokea sana jumuiya inapobadilisha mtoa huduma na kusahau kufuta ya zamani.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi. Kila mtumaji anatakiwa awe na SPF au DKIM. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na zote tatu, aweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na wanaomripoti kuwa ni taka wasifike asilimia 0.3. Jumuiya zetu hazifiki barua 5,000 kwa siku, lakini anayetimiza masharti hayo anapokewa vizuri zaidi.

Sasa lile linalowakuta wengi. Mmejiunga na huduma ya kutuma barua nyingi, na kwenye nafasi ya mtumaji mmeandika anwani ya zamani ya Yahoo ya jumuiya. Hazifiki, na si bahati mbaya: tangu Aprili 2014 Yahoo inaziagiza seva zote zikatae barua yoyote inayojiita ya yahoo.com ikiwa haikutoka kwenye seva zake. Rudi swali la 4.

Mwisho, waambieni wanachama waiweke anwani ya katibu kwenye majina ya simu zao, na waliokuta waraka kwenye taka wabonyeze kitufe cha kusema si taka.

11. Tutumie programu gani?

Ile ambayo watu wawili wa ofisini wanaweza kuiendesha. Chini ya wanachama 100, Google Groups, ambayo anwani moja hufika kwa kundi zima, inatosha. Juu ya hapo tafuteni huduma inayotunza mafungu na kuonyesha zilizorudi. Mailchimp na Brevo ndizo zinazotajwa sana. Kabla ya kuchagua ya kulipia kwa kadi ya benki kwa dola, mjue kadi hiyo ni ya nani.

12. Kichwa cha barua kiandikweje?

Tabia ya ofisini ni kuanza na "YAH:" kisha herufi kubwa mpaka mwisho. Kwenye karatasi ya barua inapendeza. Kwenye simu kinachoonekana ni maneno matano au sita ya mwanzo, na "YAH: TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE KUHUSU" yameshaishia hapo bila ya kusema lolote. Andika jambo lenyewe na siku yake: "Mkutano mkuu Jumamosi 14 Juni, Chake Chake". Au: "Ada ya 2025: mwisho 31 Machi".

Ndani, salamu iwe yenu ya kawaida. "Assalaam alaykum" haikumchosha mtu bado, na "Ndugu mwanachama" ni adabu ya kutosha kwa mkubwa na mdogo. Programu ikiwa inaweka jina, hakikisheni kwanza daftari liko sawa, afadhali "Ndugu mwanachama" kuliko "Ndugu MOHD ALI J."

13. Tuweke kiambatisho au kiungo?

Mambo makuu yawe ndani ya barua yenyewe, kwa maandishi: nini, lini, wapi, nani alipe kiasi gani, mwisho wa kujibu. Wengi wanasoma kwa simu, kwa bando, wakiwa kwenye daladala. Ajenda iliyochapwa, ikapigwa muhuri, ikaskaniwa ikawa PDF ya MB 12, kwao ni mlango uliofungwa.

Kikomo cha Gmail ni MB 25, na faili huongezeka kiasi cha theluthi moja linapofungwa ndani ya barua, kwa hiyo lisizidi MB 18 hivi. Lakini kama mmefika huko mmeshakosea. Taarifa ya fedha na rasimu ya katiba ziwekwe mahali pamoja mtandaoni, barua ibebe kiungo. Mabango ya rangi yanayotumwa kama picha peke yake, bila ya maandishi, sina neno jema la kuyasemea: mtu akizima picha haoni chochote, na msomaji asiyeona ambaye simu yake humsomea kwa sauti hapati kitu.

14. Siku gani na saa ngapi ni nzuri kutuma?

Jumatatu hadi Jumatano, asubuhi. Ijumaa baada ya saa 5 asubuhi watu wameshaanza kujitayarisha kwa sala, na baada ya hapo wiki imekwisha. Mwezi wa Ramadhani barua za lazima tu, na fupi. Mialiko ya semina isubiri Idd ipite.

Jambo la saa lina mitego yake. "Saa 3:00" kwetu ni asubuhi baada ya chai, lakini mwaliko wa kalenda wa simu unaandika 9:00, na mwanachama aliyeko Muscat anaishi saa moja mbele yetu. Andikeni "saa 3:00 asubuhi (09:00 kwa saa za Zanzibar)". Na mkutano wa usiku utajwe kwa tarehe: ukisema "usiku wa Ijumaa", wazee watafika Alhamisi baada ya isha, na vijana watafika siku ya pili yake.

## Majibu, malalamiko na hesabu

15. Mtu amejibu, na jibu lake limefika kwa wanachama wote. Tufanyeje?

Nyamazeni kwanza. Tarehe 14 Novemba 2016 huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilipata ujumbe mmoja wa majaribio uliokwenda kwa orodha ya wafanyakazi wapatao 840,000. Ujumbe wenyewe haukuwa na madhara. Madhara yaliletwa na waliojibu wote kusema "niondoeni", na waliowajibu hao wakiwataka waache kujibu wote. Mfumo ulielemewa.

Kwa hiyo msitume barua ya kuomba watu wasijibu. Funga orodha kwa kuweka kwamba katibu tu ndiye anayeweza kutuma. Kwenye Google Groups ni mpangilio mmoja. Majibu yaelekezwe kwa anwani ya katibu. Na barua zinazotaka jibu, kama uthibitisho wa kuhudhuria, ziwe na fomu.

16. Mwanachama anataka tumwondoe kwenye orodha. Inawezekana akabaki mwanachama?

Ndiyo, na dawa yake ni kugawa barua mapema. Kuna za katiba: mwaliko wa mkutano mkuu, uchaguzi, ada, nidhamu. Hizo anazipata kila mwanachama, na asiyetaka kwa barua pepe achague karatasi kama ilivyoelezwa swali la 9. Kuna nyengine: semina, nafasi za kazi, matangazo ya washirika. Hizi mtu ajiondoe kwa kubofya mara moja, bila ya kuulizwa kwa nini, bila ya kupigiwa simu na mwenyekiti. Mkimzuilia atabonyeza kitufe cha kuripoti taka, na hicho kinawaumiza nyinyi kuliko kuondoka kwake.

17. Tutajuaje kama wamesoma?

Hamtajua sawasawa. Programu huhesabu "waliofungua" kwa kupachika picha ndogo isiyoonekana. Tangu Septemba 2021 simu za Apple zinaweza kuivuta picha hiyo zenyewe hata kama mwenye simu hajaifungua barua, na aliyezima picha anahesabika hakusoma ingawa amesoma mara mbili. Hesabuni waliobofya, waliojaza fomu, waliolipa. Kamati tendaji ikitaka asilimia ya kuonyesha kwenye ripoti, wapeni ya zilizofika na zilizorudi.

## Sheria na usalama

18. Sheria inasemaje kuhusu kuhifadhi anwani za watu?

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Misingi yake inaeleweka na kila mtu: kusanya kwa lengo lililotajwa, usikusanye zaidi ya unachohitaji, zitunze zisivuje, zisahihishe mwenyewe anapokwambia zina kosa. Kwa upande wa Zanzibar matumizi yake yamefungamana na mambo ya Muungano, kwa hiyo jumuiya iliyosajiliwa kwa Mrajis wa hapa imuulize wakili wake. Kuifuata misingi hiyo hakuna hasara hata kidogo.

Kwa vitendo: fomu ya uanachama iwe na mstari unaosema anwani itatumika kwa nini. Na msiulize dini, hali ya ndoa au namba ya kitambulisho kama hamna pa kuitumia.

19. Mfadhili ameomba orodha ya wanachama wetu ili awatumie tangazo.

Msimpe. Mwambieni alete tangazo lake, kamati ikiridhika litumwe na katibu kwa fungu la wanaopokea habari za washirika (swali la 16). Anwani hazitoki ofisini. Jibu ni hilo hilo kwa benki inayotaka kuwakopesha wanachama, na kwa mwanachama anayeuza bima.

20. Anwani za wote zimevuja. Sasa?

Waambieni wanachama siku hiyo hiyo, kwa ufupi: kilichotokea, kilichoonekana, hatua mliyochukua. Waombeni waliopata waifute. Kisha wawe macho, kwa sababu orodha ya wahasibu au wauguzi wa kisiwa kizima ni chambo kizuri kwa matapeli: wanajua majina, wanajua mnazungumzia ada, kilichobaki ni kuandika "akaunti ya benki ya jumuiya imebadilika".

21. Kuna barua inajifanya imetoka kwa mwenyekiti. Tunazuiaje?

Ziko za aina mbili. Ya kwanza imeghushi anwani yenu yenyewe. Hii DMARC iliyofikia reject inaizuia (swali la 10). Ya pili ni ya akaunti mpya kabisa ya Gmail iliyopewa jina la mwenyekiti. Hiyo hakuna mfumo unaoizuia kwa uhakika, kwa hiyo wekeni desturi na muitangaze: jumuiya haibadilishi namba ya akaunti kwa barua pepe, na mwenyekiti hamwombi mtu fedha wala vocha. Anayetilia shaka ampigie mshika fedha kwa namba aliyonayo tangu zamani, asitumie ile iliyoandikwa kwenye barua.

Akaunti za ofisi zote ziwe na uthibitishaji wa hatua mbili.

## Mambo ya pembeni

22. Katibu wa zamani ameondoka na paswedi.

Kama jina la mtandao ni la jumuiya, mwenyekiti anaandika barua kwa msajili wa jina, anapewa udhibiti, akaunti zinafunguliwa upya. Kama ilikuwa Gmail ya katibu, hamna mlichonacho isipokuwa ihsani yake. Makabidhiano ya ofisi yawe na karatasi moja inayotaja kila akaunti, mwenye nayo, simu inayopokea namba za uthibitisho (wengi husahau hii) na tarehe ya kulipia tena. Watu wawili wawe na uwezo wa kuingia wakati wote.

23. Ni wakati wa uchaguzi, na mgombea anataka kuwaandikia wanachama.

Wagombea wote wapewe nafasi sawa: maneno 300, siku moja, barua moja yenye sera za wote kwa mpangilio wa alfabeti. Inatumwa na kamati ya uchaguzi. Katibu akiwa naye anagombea, akabidhi paswedi kwa kamati mpaka matokeo yatangazwe.

24. Tumetuma tarehe isiyo sahihi.

Gmail inaruhusu kuirudisha barua ndani ya sekunde 30 ukiwa umeweka hivyo, zikipita, imekwenda. Tuma nyengine yenye kichwa kinachoanza "SAHIHISHO", ukitaja tarehe sahihi tu, bila ya kurudia ile ya makosa. Mtu asomaye mbio atashika tarehe yoyote atakayoiona.

25. Mwanachama amefariki, na familia bado inapata barua za ada.

Anwani isimamishwe siku ya msiba, kabla hata ya tangazo la rambirambi kutumwa, na namba yake ya uanachama ihifadhiwe. Kazi hii apewe mtu maalumu, mara nyingi mratibu wa tawi, ambaye habari za mazishi humfikia mwanzo.

26. Intaneti ikikatika siku ya mwisho ya kutoa notisi?

Si dhana tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikayumba kwa siku kadhaa. Na walio Unguja hawajasahau miezi ya mwanzo ya 2010, kisiwa kikiwa bila ya umeme wa gridi tangu Disemba iliyotangulia.

Ikiwa katiba inataka notisi ya siku 21, tumeni siku 25 kabla ya mkutano. Katika muda huo wa ziada mtaona zilizorudi na kuwafikia wahusika kwa njia nyengine. Mtandao ukigoma kabisa, notisi ichapwe, itiwe saini, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi Unguja na Chake Chake, na mratibu aipige picha inayoonyesha tarehe. Wanachama wapate meseji ya simu yenye siku, saa na mahali. Barua pepe itafuata nyaya zikitengemaa, na ndani yake mtaje kwamba notisi ilibandikwa lini.